1972 Si Mwaka: Stori ya Chuma, Baridi na Majirani

Kesho ukiwa kwa matatu Mombasa Road, weka simu chini kidogo uangalie matanki yanayokupita. Kuna kibao cha rangi ya chungwa chenye namba mbili, moja juu na moja chini. Ukiona 1203 pale chini, hiyo ni petroli. Ukiona 1075, hiyo ni gesi ya kupikia, ile ile iko kwa mtungi jikoni kwenu. Hizo namba si za kampuni wala za kaunti. Ni za Umoja wa Mataifa, na zinamaanisha kitu kimoja kuanzia Mlolongo hadi Madrid.

Kuna namba moja ambayo huku kwetu bado hatujaizoea: 1972. Ukiiona utadhani ni mwaka lori lilitengenezwa. Sivyo. 1972 ni gesi asilia iliyopozwa mpaka ikawa maji, ile wenyewe huiita LNG. Uhispania na China, watu wameizoea barabarani kama sisi tulivyozoea malori ya simiti. Nigeria nayo, kuna malori yanayoibeba kutoka Rumuji, jimbo la Rivers, hadi kaskazini ambako bomba la gesi halijafika.

Sasa, kila mara nikiposti kitu kuhusu gesi ya Tanzania ama ya Msumbiji, komenti huwa za kambi mbili. Kambi ya kwanza: leteni haraka, bei ishuke. Kambi ya pili: mnataka kutuletea bomu kwa barabara, ama hamkuona Embakasi? Mimi nimekaa na hii historia wiki kadhaa, na naona kambi zote mbili zinaruka kitu. Lori la 1972 limetengenezwa na vifo vya watu. Kila kona ya hilo tanki ina mahali ilijifunza. Lakini kuna somo moja ambalo halikai kwa tanki, linakaa nje yake, na hilo ndilo tunafeli kila mara.

Tuanze na chupa ya chai.

Gesi ya mtungi ni propani na butani. Hizo mbili ni rahisi: ukizibana kwa nguvu kiasi zinageuka maji, hata ukiwa Garissa saa saba mchana. Ndio maana mtungi ni mzito hivyo. Kazi ya kile chuma ni kushikilia presha. Gesi asilia kwa sehemu kubwa ni methani, na methani haikubali huo mchezo. Ukiibana kwenye joto la kawaida, hata uite jeshi, inabaki gesi. Lazima uipoze, na uipoze vibaya sana. Ikifika nyuzi 162 chini ya sifuri inakuwa maji bila hata kubanwa, na inanywea karibu mara 600. Gesi ya kujaza bedsita nzima, ukuta hadi ukuta, inaingia kwa jerikeni mbili na nusu za lita 20. Hapo ndipo pesa iko. Hakuna mtu atalipa dereva kusafirisha hewa, lakini ukiipunguza mara 600, safari inalipa.

Kwa hivyo hayo matanki mawili yanafanana kwa macho tu. La gesi ya kupikia linafungia presha. La LNG linafungia baridi.

Kufungia baridi kulichukua muda. Michael Faraday, Mwingereza, alikuwa ameshageuza gesi nyingi kuwa maji kufikia 1845, lakini chache zilimshinda, methani ikiwemo. Watu wakaziita gesi za kudumu, yaani wakakubali zitabaki gesi milele. Mwaka 1877 Mfaransa Cailletet na Mswisi Pictet, kila mtu kivyake, wakafanikiwa kupata oksijeni ya maji kidogo tu, na hilo jina la "kudumu" likafa. Shida mpya ikawa: ukishapata kitu baridi hivyo, unakiweka wapi? Kikombe chochote unachotumia ni moto kukilinganisha nacho. Kinachemka mbele yako mpaka kiishe.

Mwaka 1892, James Dewar, Mskoti aliyekuwa akifanya kazi London, alichukua chupa ya kioo akaiweka ndani ya chupa nyingine, kisha akatoa hewa yote katikati. Kukabaki ombwe. Joto halina njia ya kutembea mahali hakuna kitu, kwa hivyo lilichelewa kuingia. Dewar alikuwa anafikiria gesi baridi. Hakusajili ule uvumbuzi, na baadaye Wajerumani wakaona kwamba kinachozuia joto kuingia kinazuia pia joto kutoka, wakauza ile chupa kwa jina la Thermos. Hiyo ndio iko kwenu mezani saa hii, ile yenye maua. Na lori la LNG, bana, ni hiyo hiyo: tanki ndani ya tanki, katikati ombwe, limelazwa juu ya magurudumu.

Shida ni kwamba lori haliwezi kuwa la kioo. Na hapa ndipo watu walikufa.

Cleveland, Ohio, Marekani. Mwaka 1941 kampuni ya East Ohio Gas ilijenga mahali pa kuhifadhi LNG ili wakati wa baridi kali, watu wote wakiwasha hita pamoja, gesi isipungue. Walianza na matanki matatu ya mviringo kama mpira. Kulikuwa na vita, viwanda vilikuwa vinafanya kazi usiku na mchana, gesi ikahitajika zaidi. Wakaongeza tanki la nne, kubwa kuliko yote, lenye umbo la pipa. Chuma cha ndani kilikuwa kimechanganywa na nikeli asilimia 3.5.

Mbona nikeli? Chuma cha kawaida kikipoa sana kinabadilika tabia. Umewahi kutoa mkebe wa plastiki kwenye friza ukakuponyoka? Jana ungebonyea tu, leo unapasuka vipande. Chuma nacho kina siku yake ya friza. Miaka hiyo hiyo ya vita, Wamarekani walikuwa wanaona meli mpya zikipasuka zenyewe kwenye maji baridi. Meli ya mafuta ya Schenectady ilivunjika katikati Januari 1943 ikiwa imetulia bandarini Portland, Oregon, haijagongwa na mtu. Nikeli inasaidia chuma kubaki na unyumbufu kikiwa baridi, lakini lazima iwe ya kutosha. Asilimia 3.5 kwa nyuzi 162 chini ya sifuri haikuwa ya kutosha.

Ijumaa, tarehe 20 Oktoba 1944, mchana, saa nane na nusu ikisonga, tanki la nne lilipasuka. Ile LNG ikamwagika, ikaanza kuchemka kwenye barabara za mtaa, ikageuka mvuke mzito wa baridi uliotambaa chini. Mvuke ukaingia kwenye mitaro ya maji machafu. Mle ndani ukachanganyika na hewa, ukapata moto mahali, na vifuniko vya mitaro vikaanza kuruka barabara moja baada ya nyingine. Nyumba zililipuka kutoka chini, kupitia kwa mabomba ya jikoni na bafu. Dakika 20 hivi baadaye tanki la pili likaanguka, miguu yake ikiwa imelegezwa na moto. Walikufa watu 130 hivi. Wengine hawakutambulika kamwe.

Nataka uone kitu hapo. Ripoti ya serikali ya Marekani iliyokuja baadaye ilisema ile aina ya chuma isitumike tena kwa kazi hiyo, na dunia ikasikia. Leo matanki makubwa ya LNG yanajengwa kwa chuma chenye nikeli asilimia 9. Yale ya malori, ganda la ndani huwa ni chuma kisichoshika kutu, chenye kromi 18 na nikeli 8 katika kila 100. Geuza kijiko kizuri cha kwenu uangalie mgongo wake, utakuta kimeandikwa 18/8 ama 18/10. Ni familia moja. Kwa chuma, somo la Cleveland tulilishika.

Lakini Cleveland ilikuwa na somo la pili. Kulikuwa na familia zinaishi mkabala na yale matanki, wengi wao wahamiaji kutoka Slovenia waliofanya kazi kwenye viwanda vya hapo. Mtaa ulikuwepo kabla ya tanki. Hakuna mtu alienda kujenga kando ya hatari. Hatari ndiyo ilihamia kwao, ikiwa na vibali vyote. Hilo somo lilishikwa nusu nusu.

Baada ya hapo Wamarekani waliogopa LNG kwa miaka. Iliporudi, ilirudi kwa maji: mwanzoni mwa 1959 meli moja ya zamani ya vita, iliyopewa jina la Methane Pioneer, ilibeba LNG kutoka Louisiana hadi kisiwa cha Canvey huko Uingereza. Mwaka 1964 Algeria ikaanza kuuza LNG kibiashara kutoka Arzew, na kwa hivyo nchi ya kwanza duniani kufanya hii biashara kwa mkataba wa kudumu ni ya Afrika. Sijui mbona hatufundishwi hiyo shuleni.

Barabara zilifuata bandari. Uhispania ilifungua kituo cha kupokea LNG Barcelona mwaka 1969. Nchi ina milima, miji midogo imetawanyika, na bomba la gesi ni ghali kuchimbia. Kwa hivyo wakajaza malori. Lori linatoka bandarini, linapeleka tani 20 hivi kwenye tanki dogo la mji ama kiwanda, pale inapashwa joto inageuka gesi tena, inaingia kwenye mabomba ya nyumbani. Kwa miaka mingi Uhispania imekuwa ndiyo shule ya Ulaya ya hii kazi. Ndio maana pia ajali zake zinafundisha kuliko za kwingine.

Ya kwanza ninayotaka kusimulia haikuwa ya LNG, lakini bila hiyo huwezi kuelewa ya pili.

Tarehe 11 Julai 1978, mkoa wa Tarragona, lori lilikuwa limebeba propilini, gesi iliyobanwa kwa presha kama ya mtungi. Lilikuwa limezidishiwa mzigo: zaidi ya tani 23, na kikomo chake kilikuwa tani 19 na kidogo. Tanki halikuwa na vali ya usalama ya kutoa presha. Na halikupitia barabara kuu ya kulipia, lilipitia ile ya bure kando ya bahari. Wanairobi hii mnaielewa bila kuelezewa: ulipe Expressway upite juu, ama ukae chini na wengine. Ile ya chini ilipita kando ya kambi ya likizo ya Los Alfaques, imejaa watu wa Ujerumani, Ubelgiji na Ufaransa, saa nane na nusu mchana, watu wamevaa nguo za kuogelea. Tanki likapasuka pale pale. Zaidi ya watu 200 walikufa.

Kioevu kinachojaza tanki mpaka juu hakina pa kupanukia jua likikipiga. Na kilichobanwa kikipata upenyo, chote kinataka kuwa gesi kwa mara moja. Mpira wa moto unaouona kwenye video za namna hiyo ni hicho. Baada ya Los Alfaques, Uhispania ilizuia malori ya mizigo hatari kupita katikati ya makazi. Hiyo kambi bado iko, na bado inapokea wageni. Wenyewe hata waliishtaki Google kwa sababu ukitafuta jina la kambi unaletewa picha za maiti, na mwaka 2012 mahakama ikaitupa kesi. Huwa najiuliza ningekuwa jaji ningesema nini. Kusahau ni haki ya mfanyabiashara, lakini je, ni haki ya barabara?

Sasa songa mbele miaka 24, mkoa ule ule wa Tarragona. Tarehe 22 Juni 2002, karibu na mji mdogo wa Tivissa, lori la LNG lilishindwa kona kwenye mteremko, likalala ubavu, likashika moto. Wakati huo wengi kwenye hii sekta waliamini tanki la LNG haliwezi kupasuka kama la Los Alfaques, kwa sababu presha yake ni ndogo. Baada ya kama dakika 20 likapasuka. Dereva alikufa. Watu wawili waliokuwa mita 200 hivi kutoka pale waliungua.

Watafiti wa chuo kikuu huko Barcelona walilichambua lile tanki. Chuma chenyewe kilikuwa kizuri, kile cha familia ya kijiko. Lakini halikuwa chupa ya chai kamili. Halikuwa na ganda mbili zenye ombwe. Lilikuwa ganda moja lililovikwa povu la poliurethani lenye unene wa sentimita 13, na juu yake bati jembamba la alumini. Poliurethani ni jamii ya sponji ya godoro lako. Unajua godoro likishika moto nini hutokea. Povu likaisha, chuma kikabaki uchi ndani ya moto.

Ukitaka kuelewa kilichofuata, kumbuka sufuria. Sufuria yenye maji haiungui hata moto uwe mkali, maji yanaipoza. Sehemu iliyokauka ndiyo huungua. Ndani ya tanki, pale LNG inagusa chuma, chuma kiko salama. Pale juu kuna mvuke tu, na ukuta wa pale unapata joto, unalegea, huku presha ndani inapanda kuliko vali zinavyoweza kuitoa. Mwisho wake chuma kinachanika.

Mwaka 2011 ikatokea tena, Zarzalico, mkoa wa Murcia. Lori la LNG liligonga jingine lililokuwa limesimama, moto ukawaka, na baada ya zaidi ya saa moja tanki likapasuka. Dereva alikuwa ameshakufa. Lakini safari hii zimamoto walikuwa wamejua. Walirudi nyuma, wakafungia watu mbali, na ule mlipuko ulikuta hakuna mtu.

Mtu ataniambia: kwa hivyo LNG ni salama kuliko gesi ya kupikia, angalia, Los Alfaques zaidi ya 200, Tivissa mmoja. Pole pole. Ni kweli ganda mbili zenye ombwe ni ulinzi mkubwa likipinduka, na zile zilizojazwa perlaiti katikati hazina sponji ya kuungua. Ni kweli pia methani ikipata joto inapaa juu, wakati propani ni nzito kuliko hewa na inalala kwenye mitaro ikingoja mtu awashe kiberiti. Lakini tofauti kubwa ya hesabu ya maiti ni nyingine. Lori la Tivissa lilianguka mlimani, mahali hakuna mtu. La Los Alfaques lilipasuka mbele ya mahema. Ukiyabadilishia mahali, sidhani tungekuwa na hesabu hiyo hiyo.

Na hiyo inanileta nyumbani.

Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, mtaa wa Mradi, Embakasi, lori lililobeba gesi lililipuka kwenye yadi ya kujazia mitungi. Moto uliingia kwenye maghala na kwenye nyumba za kupanga. Asubuhi tuliambiwa watu watatu wamekufa na karibu 280 wameumia, na siku zilizofuata idadi ya vifo ikaendelea kupanda. Mamlaka ya nishati, EPRA, ikasema ilikuwa imekataa maombi ya kujenga kituo cha gesi hapo mara tatu mwaka 2023, na sababu moja ilikuwa wingi wa watu wanaoishi karibu. Soma hiyo tena. Sababu iliandikwa kabla ya moto. Kulikuwa na mtu ofisini alijua somo la Cleveland, akaliweka kwa barua, na lori likaingia tu.

Wengine walianza kulaumu wapangaji: mbona ukae kando ya gesi? Hebu tuwe wakweli. Mtu akitafuta nyumba Nairobi anauliza maji huja siku ngapi, stima ni tokeni ama ni ya pamoja, na kama landilodi ana shida. Ni nani amewahi kuuliza yule jirani wa ukuta wa pili ana kibali gani? Na hata ukiuliza, ni nani atakujibu?

Halafu kuna sisi wenyewe. Tarehe 31 Januari 2009, Sachang'wan, karibu na Molo, tanki la petroli lilipinduka na watu wakakimbia na jerikeni. Zaidi ya watu 100 walikufa. Sisemi hivyo kuwasuta, njaa ilikuwa kweli. Ila ninachoogopa kwa kizazi chetu si jerikeni tena, ni simu. Lori la 1972 likipinduka, utaona wingu jeupe zuri sana likitambaa chini kama la kwenye video ya muziki. Hilo wingu ni unyevu wa hewa ulioganda. Gesi yenyewe haionekani, na inaweza kuwa imelipita hilo wingu. Haina harufu pia. Ile harufu ya mtungi huwekwa makusudi, na kwenye LNG haiwezi kuwekwa kwa sababu ingeganda. Kwa hivyo macho na pua zote mbili zitakudanganya. Kumbuka wale wawili wa Tivissa: mita 200 ni urefu wa viwanja viwili vya mpira, na bado waliungua. Ukiweza kupata picha safi, basi uko karibu sana.

Sasa, hii 1972 itafika lini kwetu? Tanzania iligundua gesi Songo Songo mwaka 1974, na tangu 2004 inaendesha mitambo ya umeme Dar. Msumbiji ilisafirisha shehena yake ya kwanza ya LNG Novemba 2022 kutoka baharini kaskazini. Kenya na Tanzania zilitia saini makubaliano ya bomba la gesi la kutoka Dar hadi Mombasa Mei 2021. Bomba ni kitu cha miaka mingi na pesa nyingi. Uhispania imetuonyesha kinachojaza pengo wakati watu wanasubiri bomba.

Na mpaka wenyewe tunaujua. Aprili 2017 Kenya ilipiga marufuku gesi ya kupikia inayoingia kwa barabara kutoka Tanzania. Ikawa kesi ya maziwa, sigara na unga, kila nchi ikifungia nyingine kitu, mpaka Julai marais walipoongea na marufuku zikaondolewa. Malori yakarudi barabarani. Walizungumza sana kuhusu soko, kuhusu ubora, kuhusu nani anamkosea nani. Barabara ya kutoka Namanga inapita Kajiado, Isinya, halafu inaingia Kitengela katikati, maduka huku, stage kule, watoto wa shule wakivuka.

Kuna jambo dogo la kazi ambalo linanisumbua kuliko yote. Tanki la gesi ya kupikia likiegeshwa wiki nzima, linabaki vile lilivyo. Tanki la LNG halilali. Joto linaingia pole pole hata kwa chupa nzuri, maji yanachemka kidogo kidogo, presha inapanda, na baada ya siku kadhaa vali inafunguka na kutoa methani hewani, kama ilivyotengenezwa kufanya. Kwenye uwanja wazi hiyo si shida. Sasa mwenye umeshapita Mlolongo usiku unajua malori ya masafa marefu hulala wapi: yamepangwa kando ya barabara, na hatua chache kutoka pale kuna mama anakaanga samaki kwa jiko la makaa. Kabla ya mtu kuniuliza kama nataka LNG ije ama isije, mimi nataka kwanza kuona kwenye ramani mahali hilo lori litalala, na mlango wa nyumba ya kwanza uko mita ngapi kutoka hapo.